Neno la Nanga

Katika mji ule, mtu aliyenunua gitaa bila Nanga kuliona, akitapeliwa hakuna aliyempa pole. Walimuuliza swali moja tu: "Nanga alisemaje?" Akijibu kwamba hakumpelekea, walimgeuzia mgongo wakaendelea na mambo yao. Mbuzi wa kwenye gunia umemtaka mwenyewe, haya, mlee.

Nanga mwenyewe hakuwa na duka wala kibao mlangoni. Alikuwa mama mfupi, umri wa makamo ulishampita ingawa hakupenda kuambiwa, mwenye viganja vipana na bega la kushoto lililoshuka kuliko la kulia. Siku za kazi alitengeneza cherehani kwenye chumba cha nyuma cha duka la fundi wa nguo, chumba chenye dirisha moja na harufu ya mafuta ya mashine isiyotoka hata ukideki kwa sabuni gani. Mwisho wa wiki alipiga besi kwenye bendi ya hoteli. Jina walimpa wanamuziki wenzake. Gitaa la solo likitaka kupotea na ngoma zikitaka kukimbia, yeye yuko pale chini, tum, tum, amewashikilia wote wasichukuliwe na maji. Jina la kuzaliwa alilijua mama yake na karani wa kliniki, na wote wawili walishatangulia mbele ya haki.

Cherehani ndizo zilizomfundisha vyuma. Mtu aliyefungua cherehani maisha yake yote anakitambua chuma kilichochongwa na chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, na huwezi kumbabaisha kwa kung'arisha. Ukimletea gitaa, rangi hakuitazama kabisa. Rangi alikuwa akiiita poda. Kwanza alilaza chombo kifudifudi akakagua skrubu za nyuma, kama vichwa vyake vimeliwa na bisibisi ya mtu mwenye pupa. Halafu funguo za kukazia nyuzi. Aliuzungusha ufunguo mbele, kisha akaurudisha nyuma kidogo mno, jicho likiwa kwenye kile kijiti kinachozungushiwa uzi. Kijiti kisiporudi papo hapo, ufunguo huo una uongo ndani yake. Akishuka kwenye daraja, lile bamba la chini linaloshikilia nyuzi, alilikwaruza kwa ncha ya sindano upande wa ndani, pasipoonekana na mtu. Pakitoka unjano, shaba. Pakitoka kijivu, "Rudisha," anasema, "hiki kimepakwa tu, kitakatika kama biskuti." Mwisho kabisa ndipo alipoegemeza taya kwenye pembe ya gitaa, akafumba macho, akagusa uzi mmoja mmoja, akisikiliza kwa mfupa. Watu walimcheka kwa hilo, eti Nanga anang'ata magitaa. Wacheke. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kusema alikosea.

Na juu ya chombo hakuwahi kudanganya. Umri wake aliudanganya, chumvi aliyokatazwa na daktari aliidanganya, lakini chombo, hata kiwe cha mtu wasiyesalimiana naye, alikisema kama kilivyo. Kwa neno hilo alikuwa mtu mbele ya watu. Hakuwa na kingine. Mume alikufa mapema, mtoto hakujaliwa, na nyumba yake ilikuwa chumba na sebule ambamo redio ilizungumza peke yake. Wiki nzima alikuwa mtu wa mafuta na sindano zilizovunjika. Jukwaani ndiko alikoishi, tusidanganyane.

Besi yake ilikuwa ya mbao, nzito kama mlango wa stoo. Mvua zikianza tu, shingo yake inajikunja, nyuzi zinainuka mpaka vidole vinalia. Jua likirudi, nayo inajikunja upande wa pili. Nanga aliishi naye, yaani besi ile, kama mtu anavyoishi na ndugu mlevi: humfukuzi, humwamini. Bega likaanza kuuma, likauma mpaka mkono ukawa unakufa ganzi katikati ya wimbo. Daktari alimwambia aweke chini dude lile au siku moja mkono utagoma wenyewe. Akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, akaenda nyumbani akakunja taulo akaliweka chini ya mkanda wa gitaa, mambo yakaendelea.

Aliyeongoza bendi alikuwa mdogo wake wa kiume. Watu walimwita Kiongozi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko ilivyo adabu. Nanga ndiye aliyemwekea vidole kwenye nyuzi alipokuwa analia kwamba zinakata. Lakini mameneja wa hoteli wanapenda kuzungumza na mwanaume mwenye tai, basi uongozi ukamwendea mwenye tai. Nanga alisema hajali. Labda kweli hakujali. Mradi alikuwa na nafasi yake pale nyuma, upande wa kushoto wa ngoma, mengine aliyaacha yapite.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Baharia. Maisha yake hajawahi kuvua hata dagaa. Alikuwa mpiga besi kwenye meli za watalii, akazeekea huko, akarudi na masanduku mawili na baridi yabisi iliyomfunga vidole vyote. Katika sanduku moja mlikuwa na besi ya kaboni. Nyeusi tii, shingo na kiwiliwili kitu kimoja, imefinyangwa kwa kitambaa cha nyuzi za kaboni na gundi, hakuna mbao hata ya kuchokolea jino. Alikuwa anaiuza, maana kuitazama bila kuipiga kulimtesa. Bei aliyotaja ilikuwa ya kununulia kiwanja, tena kiwanja chenye maji.

Kiongozi akaja kwenye chumba cha cherehani, akasimama mlangoni asije akachafua suruali.

"Dada, kuna besi ya kaboni kwa Baharia. Nenda kaiangalie. Wewe ukisema ndiyo, bendi inanunua kwa mfuko wake."

"Ni nyepesi kweli kama wanavyosema?"

"Hata mtoto anaivaa siku nzima."

Nanga alicheka, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema atakwenda. Mazungumzo yakaishia hapo. Kiongozi hakusema ni ya nani, na Nanga hakuuliza.

Hapa ndipo mwingine atamlaumu. Mimi simlaumu sana, kwa sababu najua desturi ya bendi ile. Mpiga ngoma wao, bwana mmoja mnene anayeitwa Zege, alikwenda mwenyewe kuchagua matoazi yake, akayagonga dukani mpaka wenye duka wakaziba masikio. Wa tarumbeta alijaribu tarumbeta yake. Hakuna aliyewahi kutumwa kuonja mchuzi wa mwenzake. Anayeonja ndiye anayekula, walikuwa wakisema, na lilikuwa jambo la heshima; kumuuliza kiongozi "unaninunulia mimi?" kungekuwa kumwambia usoni kwamba humwamini. Tena ni mdogo wako, tumbo moja. Nani anauliza swali kama hilo?

Akaenda. Sebule ya Baharia ilikuwa na makochi yaliyovalishwa vitambaa na picha ya meli ukutani. Mzee alifungua sanduku kwa vifundo vya mikono, kwa sababu vidole havikuweza tena kubana vile vibanio. Nanga aliona aibu kutazama, akajifanya anatazama picha.

Alipoishika, mikono yake iliruka juu. Ilikuwa imejiandaa kwa uzito usiokuwepo. Baharia akacheka. "Kila mtu anafanya hivyo mara ya kwanza, dada yangu."

Basi akaikagua kama mama mkwe anavyomkagua mke wa mwanawe, anatafuta kasoro kwa bidii kwa sababu anaogopa kupenda. Skrubu za nyuma hazikuwa na jeraha. Funguo zilirudi papo hapo, hata robo ya nywele haikupotea. Aliomba ruhusa akakwaruza daraja kwa sindano, unjano ukachungulia, shaba tupu, imechongwa kutoka pande moja. Kisha akaweka taya. Kila besi ya mbao aliyowahi kuishika ilikuwa na mahali pake pa ugonjwa, noti moja inayokufa kabla ya wenzake, na mpigaji anajifunza kuizunguka. Aliitafuta noti hiyo kutoka chini mpaka juu. Hakuiona. Alirudia, akaanza kupiga wimbo, akamaliza, akapiga mwingine, na chai aliyoletewa ikapoa mezani. Alipokuja kushtuka, aligundua kwamba amesimama muda wote huo bila taulo na bega halijasema neno. Machozi yakamlenga, akasingizia vumbi la kitambaa cha kochi.

"Kimebaki kitu kimoja," alimwambia Baharia. "Chini ya daraja. Lazima nilifungue nione nati."

"Njoo na bisibisi yako na wenzako, mfungue mbele ya wote. Mimi mwenyewe kijiko kinanishinda."

Mazoezini, vita ilikuwa ya Zege. "Yaani tumalize mfuko wote kwa plastiki? Kwa bei hiyo besi iwe inapika na kufua."

"Zege, sikiliza," alisema Nanga, na watu wakanyamaza, maana alikuwa hasemi mara nyingi. "Mbao inasamehe. Tundu la skrubu likilegea, unapachika njiti ya kiberiti na gundi, unakaza, unarudi jukwaani. Kaboni haisamehi. Skrubu zake zinaingia kwenye nati za chuma zilizogandishwa ndani kwa gundi, na nati moja ikiachia ikaanza kuzunguka, hapo huna chombo, una pambo. Ndiyo maana ya bei. Hulipii weusi wake. Unalipia vyuma vilivyofungwa sawasawa siku ya kwanza, kwa sababu siku ya pili haipo. Ya bei rahisi ya kaboni nisingeigusa. Hii ni halali yake."

Pembeni alikaa mtoto wa Kiongozi, kijana mtu mzima mwenye mke, waliyemwita Chapchap kwa sababu vidole vyake havikujua kungoja. Besi alifundishwa na Nanga, na bega lilipozidi alimshikia nafasi kwa nyimbo mbili tatu, kwa besi ileile ya mbao, kwani yake hakuwa nayo. Akauliza, "Shangazi, ingekuwa fedha yako mwenyewe, ungenunua?"

"Ningeuza kitanda nikalala chini."

Zege akainua mikono. "Basi. Nanga kasema." Na mfuko wa bendi ukapitishwa, watu wakiguna lakini wakikubali.

Siku chache za kungojea kwenda kufungua daraja, Nanga aliziishi kwa furaha ya kitoto. Alinunua mkanda mpya, mwembamba. Alimwambia hata mama mwenye duka la mbele, fundi wa nguo anayeitwa Mama Vifungo, kwamba sasa bega lake litapona. Mama Vifungo alikuwa na kazi ya kushona makoti mapya ya bendi, ya rangi ya damu ya mzee, na yalikuwa yamening'inia kwenye waya, mengine na mikono, mengine bado.

Nanga akayapekua akicheka. "Langu umeshalianza?"

Mama Vifungo alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja. "Lako lipi? Kiongozi alisema safari hii wanaume watupu. Kasema wewe unapumzika, sababu ya bega. Hili refu la mwisho ni la Chapchap, ndiye wa besi. Nikasema afadhali, dada wa watu amechoka." Kisha akamtazama vizuri. "Kwani hukuwa na habari?"

"Ninayo," alisema Nanga. "Nilikuwa nakutania tu."

Akarudi chumbani kwake, akakaa mbele ya cherehani iliyofunguliwa utumbo nje, na hakukumbuka ilikuwa inaumwa nini. Kilichomkaba hakikuwa kuachishwa tu. Watu wanaachishwa kila siku. Kilichomkaba ni kwamba walimtuma kuchagua. Walimwacha aing'ang'anie mbele ya Zege, aisifie mpaka mate yamkauke, kumbe anamchagulia mwenzake mahari. Alijisikia mjinga, na ujinga wa mtu mzima unauma vibaya kuliko bega.

Lakini moyo ni kitu cha ajabu. Mpaka siku ya kwenda kufungua daraja alikuwa bado anajiambia huenda Mama Vifungo amesikia vibaya. Walipofika kwa Baharia, Zege na Chapchap wakaingia ndani, yeye akamvuta Kiongozi kwenye baraza.

"Koti langu liko wapi?"

Kiongozi akatazama viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa. "Dada, nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Tukishamaliza hili."

"Hili lipi? La mimi kukuchagulia?"

"Bega lako, Dada. Unaona mwenyewe. Na hoteli wanataka sura changa pale mbele, mimi nifanyeje? Hutatupwa. Utakuwa mshauri, kila chombo kitapita kwako kwanza."

"Besi hii ni nyepesi. Bega langu halikuisikia hata kidogo. Nilikuja kukwambia hilo kwa furaha, unakumbuka?"

"Nakumbuka." Akakohoa. "Lakini Chapchap hana besi. Wewe unayo yako."

Akamgusa mkono, akaingia ndani. Aliona amemaliza. Huo ndio ubaya wa watu wapole: wanakukata polepole halafu wanakuuliza kama umekula.

Ndani, Chapchap alikuwa amekaa karibu na Baharia wanacheka juu ya mambo ya melini. Alipomwona Nanga alisimama akampisha kiti, akamwekea mto. Nanga akailaza besi mezani juu ya taulo, akalegeza nyuzi, akatoa bisibisi. Skrubu za daraja zilikuwa nne. Akalifungua, akaliweka kando, akabaki na vitundu vinne vyenye nati zake ndani, akaanza kuzijaribu kwa kurudisha skrubu na kuilazimisha kulia na kushoto.

Ya kwanza ilikaza. Ya pili ilikaza. Alikuwa anaomba, na tuseme ukweli, aliomba kwa Mungu apate moja iliyolegea, moja tu, aseme haki na aende zake. Ya tatu ikakaza kama jino la kijana. Ya nne ikakaza. Kazi ilikuwa safi mpaka inatia hasira. Aliyezifunga nati zile alikuwa mtu wa maana, popote alipo.

Akairudia ya tatu. Akashika bisibisi bila kuizungusha.

"Hii inazunguka," alisema.

Baharia aliinamisha sikio. "Unasemaje, dada yangu?"

"Nati ya tatu. Gundi imeachia. Inazunguka na skrubu yake."

Hakuna aliyeinama kutazama. Zege alikuwa hatua moja tu kutoka mezani, Kiongozi alikuwa na miwani mfukoni, Chapchap macho yake yanaona sindano kwenye zulia. Angeinama mmoja wao, mambo yangekwisha palepale, na Nanga angepata aibu ya siku moja. Hawakuinama. Kwani Nanga kasema.

"Haitengenezeki?" aliuliza Kiongozi, sauti imepungua.

"Nilishawaambia mazoezini. Ukitoboa kuitoa, kaboni inachanika. Funguo na daraja ni safi, ubovu ni huo tu, lakini huo unatosha." Halafu akamgeukia Baharia, na hili ndilo baya kuliko yote: "Na usiiguse, mzee. Usimruhusu mtu kuikaza, utaipasua."

Akarudisha daraja, akafunga skrubu zote, kwa uangalifu uleule kama siku zote.

Baharia aliipapasa ile besi kwa kiganja, kwa sababu vidole havikufika. "Miaka yote hiyo nimeivaa," alisema. "Na sasa nilikuwa nawauzia kitu kibovu, watu wenye fedha ya jasho. Nisameheni. Dada yangu, nisamehe sana. Wallahi sikujua."

"Hukuweza kujua," alisema Nanga. Ulimi haukumtetemeka, na hilo lilimshangaza mwenyewe.

Njiani Zege alikuwa na siku yake. "Nilisema mimi. Plastiki." Kiongozi alimshukuru dada yake mara mbili, akasema bila yeye wangekwisha, akawa anamtazama kwa woga kidogo, pengine kwa aibu. Wiki ile Mama Vifungo aliletewa kitambaa cha koti moja zaidi. Chapchap bila besi angepiga nini? Kwa hiyo Nanga akarudi kushoto kwa ngoma, koti jipya rangi ya damu ya mzee, taulo chini ya mkanda.

Alikuwa amepata alichokitaka. Nafasi ilikuwa yake. Lakini kila alipopanda jukwaani alijikuta anasikiliza ile noti inayokufa, ambayo zamani aliizunguka bila hata kufikiri, na sasa kila ikija anaisubiri kama mtu anayesubiri kupigwa. Bega likawaka zaidi. Na mjini neno lilikimbia lenyewe bila kusukumwa. Mpigaji mmoja kutoka bendi nyingine alitaka kwenda kuiona besi ya Baharia, akaambiwa njiani: hujasikia? Nati imeachia, Nanga kasema. Akageuza. Wa pili vilevile. Nanga aliyasikia haya akiwa ameinamia cherehani za watu, na mara kadhaa alifungua mdomo. Lakini akisema nati ni nzima, itabidi aseme kwa nini alisema ni mbovu, na akisema hivyo nani atamletea tena hata kinanda cha mtoto? Akaufunga mdomo. Akajiambia Baharia ana masanduku mawili, hatakufa njaa. Mtu akitaka kujisamehe hakosi la kusema.

Mvua zilipoanza, shingo ya besi yake ikajikunja kama kawaida yake. Alikuwa ameilaza mezani, anahangaika nayo, Chapchap alipoingia amelowa mabega, na kifurushi cha kitambaa kwapani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo? Vua shati, utaugua."

Hakuvua. Alifungua kifurushi mezani, polepole, kwa furaha ya mtu aliyeficha zawadi njia nzima. Ndani mlikuwa na funguo nne nyeusi na daraja la shaba, na upande wake wa ndani ukwaruzo mdogo wa sindano.

Nanga akakaa.

"Nimezinunua kwa mzee Baharia," alisema Chapchap. "Wewe ulisema vyuma ni safi, ubovu ni nati tu. Nikaona besi yako funguo zake zimechoka, na wewe ndiye uliyetuokoa sisi wote. Mimi hasa. Baba aliniambia umeamua mwenyewe kupumzika ili nishike nafasi, halafu bado ukakubali kuja kunikagulia chombo. Mtu mwingine angeniacha ninunue takataka ile, anicheke. Sikupata nafasi ya kukushukuru. Basi ndiyo hii."

"Na besi yenyewe?" aliuliza Nanga.

"Mzee hakutaka ibaki. Alisema yeye akifa mtu atakuja kuichukua na kumuuzia mwingine kwa jina lake, na hawezi kulala kaburini na deni la kumtapeli mtu. Aliniomba niikate. Nimeikata kwa msumeno wa chuma, Shangazi, na vumbi lake linawasha mpaka leo." Akajikuna mkono, akacheka. "Alikwenda kukaa jikoni nilipokuwa nakata."

Nanga aliweka mkono juu ya daraja, si kulikagua, alihitaji mahali pa kuweka mkono.

"Ila kuna kitu nataka nikuulize, usinicheke," alisema Chapchap, akavuta kigoda akakaa mbele yake kama zamani za kufundishwa. "Nilipofungua daraja niliijaribu ile nati ya tatu. Nilijua itakatwa tu, hakuna hasara. Nikaibana na skrubu, nikailazimisha kwa nguvu zangu zote. Kwangu mimi ilikaza, Shangazi. Ilikaza kama zile nyingine. Nilikaa pale muda mrefu nikiwa na msumeno mkononi. Halafu nikajiambia, wewe Chapchap, macho yako bado machanga, Shangazi aliona usichokiona. Ndiyo nikaanza kukata."

Nje maji yalikuwa yanashuka kwenye bati, na mbele dukani mashine ya Mama Vifungo ilikuwa inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama.

"Sasa siku moja unifundishe," alisema kijana. "Namna ya kuijua nati mbovu wakati inaonekana nzima."

Nanga alitafuta bisibisi mezani, kumbe ilikuwa mbele yake muda wote. Akaishika.

"Nitakufundisha," alisema, akaanza kufungua zile funguo za zamani.